Futiboli ya Kimarekani Ujerumani: Mgeni bado hajapewa jembe

Tarehe 9 Novemba 2025 watu zaidi ya 70,000 waliujaza Uwanja wa Olimpiki wa Berlin kutazama timu mbili ambazo hakuna hata moja iliyotoka Ujerumani. Indianapolis Colts iliishinda Atlanta Falcons kwa pointi 31 kwa 25 baada ya muda wa nyongeza. Watazamaji wakarudi makwao wameridhika, na wachezaji wakapanda ndege kurudi Marekani.

Hiyo ilikuwa mechi ya tano ya msimu rasmi wa ligi ya NFL kuchezwa Ujerumani tangu mwaka 2022. Munich imepata mbili, Frankfurt mbili na Berlin moja. Kwa mfanyabiashara anayetazama kwa mbali, hilo ni soko lililoiva: wateja wapo, fedha wanazo, na bidhaa wanaipenda. Swali linalofuata ni jepesi kuuliza. Kwa nini basi mtu asianzishe ligi ya kulipwa ya mchezo huo palepale Ujerumani, akaajiri wachezaji, akauza tiketi kila wiki na kugawa faida kwa wanahisa wake?

Jibu ni kwamba jambo hilo limekwisha kujaribiwa mara mbili, kwa fedha nyingi na kwa majina makubwa. Mara ya kwanza lilimalizika kwa hasara. Mara ya pili liliingia katika mgogoro wa hesabu ndani ya miaka mitano. Mwekezaji mdogo anayevutiwa na umati wa Berlin anapaswa kuyasoma majaribio hayo mawili kabla hajafungua mkoba wake. Umati unaokuja kumwona mgeni mara moja kwa mwaka haupimi uwezo wa mwenyeji wa kuuza kila wiki. Yeyote aliyewahi kupanga banda kwenye maonyesho ya Sabasaba anaijua tofauti kati ya watu wanaojaa bandani Julai na wale wanaokuja dukani Agosti.

Hasara ya dola 50 kwa kila kiti

Jaribio la kwanza lilikuwa la NFL yenyewe. Machi 1991 ilianza ligi iliyoitwa World League of American Football ikiwa na timu 10. Saba zilikuwa za Amerika Kaskazini na tatu za Ulaya, yaani London Monarchs, Barcelona Dragons na Frankfurt Galaxy. Fainali ya kwanza ilichezwa Wembley tarehe 9 Juni 1991 mbele ya watazamaji 61,108, na London ikaifunga Barcelona 21 kwa 0. Ulaya ilionyesha hamu. Marekani kwenyewe watazamaji wa televisheni hawakuijali, na baada ya msimu wa 1992 ligi ikasimamishwa.

Ilirudi mwaka 1995 ikiwa na timu sita, zote za Ulaya, kwa ubia na kampuni ya televisheni ya Fox. Mwaka 1998 ikapewa jina la NFL Europe. Kuanzia hapo, mabadiliko ya timu zake yanaeleza mwenendo wa soko kuliko tangazo lolote la wakubwa wa ligi. London Monarchs, waliokuwa mabingwa wa kwanza, mwaka 1998 walikuwa wakihamahama kati ya London, Bristol na Birmingham wakitafuta watazamaji. Timu ikafungwa, nafasi yake ikachukuliwa na Berlin mwaka 1999. Barcelona iliondolewa baada ya msimu wa 2003, ikaingia Cologne. Timu ya Scotland iliondolewa baada ya msimu wa 2004, ikaingia Hamburg. Kufikia mwaka 2005 timu tano kati ya sita zilikuwa za Ujerumani, na ya sita ilikuwa ya Amsterdam. Ligi iliyoanza na ndoto ya dunia nzima ilikuwa imebaki ya nchi moja na mji mmoja wa jirani.

Hata hivyo, Wajerumani hawakuiangusha. Fainali ya mwisho, tarehe 23 Juni 2007 mjini Frankfurt, ilihudhuriwa na watu 48,125, na Hamburg Sea Devils ikaishinda Frankfurt Galaxy 37 kwa 28. Siku sita baadaye, tarehe 29 Juni, NFL ilitangaza kuifunga ligi hiyo. Hasara iliyotajwa wakati huo ilikuwa kiasi cha dola milioni 30 kwa mwaka.

Hesabu hiyo inafaa kurudiwa polepole, kwa sababu ndani yake limo fundisho lote. Kila timu ilicheza mechi 10 za msimu, kwa hiyo timu sita zilitoa mechi 30. Wastani wa watazamaji mwaka 2007 ulikuwa kama 20,000 kwa mechi. Hiyo ni jumla ya tiketi zipatazo 600,000. Gawa hasara ya dola milioni 30 kwa tiketi 600,000, jibu ni dola 50. Yaani kila mtu aliyepita mlangoni, baada ya kulipa kiingilio chake, bado ligi ilimwongezea dola 50 kutoka mfukoni mwake ili aone mechi. Ili hesabu zilingane bila mapato mengine mapya, bei ya kila tiketi ingepaswa kupanda kwa dola 50 bila kupoteza mnunuzi hata mmoja. Hakuna muuza duka asiyejua kwamba jambo hilo haliwezekani.

Gharama kubwa, siku chache

Kwa nini biashara yenye wateja 20,000 kwa siku ipate hasara kiasi hicho? Sababu ya kwanza ni asili ya mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani ni ghali kuliko kandanda. Kikosi cha timu ya NFL kina wachezaji 53, na kila kundi la wachezaji lina kocha wake. Kila mchezaji anahitaji helmeti na kinga za mwili. Kwa kuwa ni mchezo wa kugongana, matibabu na bima ni gharama ambayo haikwepeki.

Upande wa mapato, siku za kuuza ni chache. Miili ya wachezaji haiwezi kuhimili zaidi ya mechi moja kwa wiki. Timu ya NFL Europe ilicheza nyumbani mara tano tu kwa msimu. Klabu ya kandanda ya daraja la kwanza Ujerumani hufungua milango ya ligi mara 17, mbali na mashindano mengine. Mwenye klabu ya futiboli analipa ofisi, makocha na wachezaji kwa msimu mzima, kisha anategemea siku tano kurudisha fedha hizo. Mvua ikinyesha siku mbili kati ya hizo, amekwisha poteza sehemu kubwa ya mavuno yake.

Huko Marekani tatizo hilo lilitatuliwa na televisheni. Mwaka 1961 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoruhusu klabu kuuza haki za kutangaza mechi kwa pamoja, na NFL ikachagua kugawana fedha hizo sawa kwa sawa, klabu ya mji mdogo kama ya New York. Mikataba iliyotiwa saini mwaka 2021, inayoendelea kwa miaka 11 kuanzia msimu wa 2023, ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 110 hivi. Hiyo ni kama dola bilioni 10 kwa mwaka. Msimu una mechi 272 kabla ya hatua ya mtoano. Kwa hiyo mechi moja, iwe nzuri au mbaya, ina thamani ya dola zaidi ya milioni 36 kwa televisheni peke yake.

Kwa viwango hivyo, mechi moja ya Jumapili ya leo inazidi hasara yote ya mwaka mzima ya NFL Europe. Kwa hiyo haitakuwa sahihi kusema kwamba NFL ilishindwa kuibeba ligi yake ya Ulaya. Hasara ya milioni 30 ukiigawa kwa klabu 32 haifiki dola milioni moja kwa kila klabu. Waliifunga kwa sababu waliona njia bora ya kutumia fedha hizo. Miezi minne tu baadaye, tarehe 28 Oktoba 2007, waliwapeleka New York Giants na Miami Dolphins kucheza mechi halisi ya msimu pale Wembley, na watu 81,176 wakaja. Hakukuwa na klabu mpya ya kulisha mwaka mzima wala ofisi ya timu ya kuendesha. Ni mechi iliyokwisha kulipiwa na televisheni za nyumbani, ikauzwa mara ya pili ugenini.

Mwenye mali ameamua

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mwenye bidhaa halisi anapata faida zaidi kwa kuisafirisha kuliko kwa kujenga kiwanda nje. Mwelekeo huo umeongezeka kasi. Desemba 2023 wenye klabu walipitisha uamuzi wa kuruhusu mechi hadi nane kwa msimu nje ya nchi kuanzia mwaka 2025. Mwaka 2024 ligi ilifika São Paulo, na mwaka 2025 ikafika Dublin na Madrid. Aidha, kuanzia mwaka 2022 klabu za NFL zimekuwa zikigawiwa nchi za nje kama maeneo ya kujitangaza, kutafuta wadhamini na kuuza bidhaa zao. Klabu ya Kansas City inaweza kuuza fulana Ujerumani bila kuwa na uwanja Ujerumani.

Ligi ya wenyeji, kwa hiyo, inaingia sokoni ikishindana na mchezo ule ule, ulio bora zaidi, unaopatikana kwenye televisheni ya kawaida. Kituo cha ProSieben kilianza kuonyesha NFL kwa bidii mwaka 2015, na kuanzia msimu wa 2023 haki hizo zilikwenda kwa RTL kwa mkataba wa miaka mitano. Saa nazo zinasaidia. Mechi inayoanza saa saba mchana New York huwa ni saa moja jioni Berlin, siku ya Jumapili, wakati familia iko nyumbani. Ni bahati ya majira ambayo Japani haina, kwa kuwa huko mechi hiyo hiyo huanza usiku wa manane kuamkia Jumatatu.

Watetezi wa ligi za wenyeji husema kwamba televisheni hiyo inawatengenezea wateja. Kuna ukweli ndani yake, lakini mteja aliyefunzwa kupenda bidhaa halisi huwa mgumu kumuuzia ya kuiga. Kijana wa Munich anayewajua wachezaji wa Kansas City kwa majina na namba za fulana ataupima mchezo wa timu ya mtaani kwao kwa kipimo hicho. NFL Europe ilikumbana na tatizo hilo hata kwa wachezaji wake wenyewe. Wengi waliazimwa kutoka klabu za Marekani ili wapate mazoezi, na aliyefanya vizuri hakurudi. Kurt Warner alichezea Amsterdam Admirals mwaka 1998, na Januari 2000 alikuwa ameshika kombe la Super Bowl akiwa na St. Louis Rams. Kwa NFL hiyo ilikuwa sifa. Kwa muuza tiketi wa Amsterdam ilikuwa ni kupoteza mali yake bora kila msimu, bila hata ada ya uhamisho ambayo klabu ndogo ya kandanda huipata inapomuuza mchezaji.

Jaribio la pili na daftari lake

Jaribio la pili lilianza Juni 2021 kwa jina la European League of Football. Safari hii waanzilishi walikuwa Wajerumani wenyewe. Ligi ilianza na timu nane: sita za Ujerumani, moja ya Barcelona na moja ya Wrocław, Poland. Kwa ruhusa ya NFL walifufua majina ya zamani kama Frankfurt Galaxy na Hamburg Sea Devils, na hatua hiyo ilikuwa ya busara kibiashara, maana jina lililokwisha kujulikana ni mtaji. Wengi wa wachezaji walitoka Ulaya, na Wamarekani waliwekewa kikomo ili kupunguza gharama na kumpa mtazamaji mtu wa kwao wa kumshangilia.

Mwanzo ulitia moyo. Mwaka 2022 timu zikawa 12, na zilizoongezeka ni pamoja na Vienna Vikings na Raiders wa Tirol, waliohama kutoka ligi ya Austria. Mwaka 2023 zikawa 17. Fainali ya mwaka huo mjini Duisburg, ambapo Rhein Fire iliifunga Stuttgart Surge 53 kwa 34, ilijaza uwanja kwa watu zaidi ya 30,000.

Lakini mwaka huo huo wa 2023, msimu ukiwa katikati, Leipzig Kings ilifilisika na kujiondoa. Mechi zilizobaki zikafutwa, na wapinzani waliokuwa wapewe mechi ya nyumbani dhidi yao wakapoteza siku ya mauzo ambayo haikuweza kurudishwa. Istanbul, iliyoingia mwaka 2022, haikumaliza hata miaka miwili. Ligi ilikuwa inaongeza matawi kabla tawi la kwanza halijajilipa, kosa ambalo wafanyabiashara wa kila aina wanalijua.

Mwaka 2025 tatizo likafika juu kabisa. Baadhi ya klabu zenye nguvu, zikiwemo Rhein Fire na Vienna Vikings, ziliunda umoja wao, European Football Alliance, wakidai uwazi zaidi katika fedha na uongozi wa ligi. Msimu ulipomalizika kukawa na klabu zilizotangaza kuondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Klabu zilizowekeza fedha zao zilikuwa zinadai daftari, na ligi inayogombana na wanachama wake kuhusu hesabu haiwezi kwenda kwa kituo cha televisheni kuomba mkataba wa miaka mingi.

Mchezo umeota, biashara haijaota

Ni lazima kuwatendea haki Wajerumani. Si kweli kwamba mchezo huu haukubaliki kwao. Askari wa Marekani waliokaa nchini humo baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja nao, na klabu ya kwanza ya Wajerumani, Frankfurter Löwen, iliundwa mwaka 1977. Ligi yao ya kitaifa ilianza mwaka 1979, miaka 12 kabla ya NFL kuleta timu zake, na klabu hiyo ya Frankfurt ikawa bingwa wa kwanza. Imeendelea kwa zaidi ya miaka 40 kupitia klabu za wanachama wanaolipa ada, makocha wengi wakiwa na kazi nyingine, na wachezaji wengi wakicheza kwa mapenzi. Mwaka 2016 mchezaji wa moja ya klabu hizo, Moritz Böhringer wa Schwäbisch Hall, alichaguliwa na Minnesota Vikings moja kwa moja kutoka Ulaya bila kupitia chuo cha Marekani, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla.

Japani inaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Futiboli ya Kimarekani ilianza kuchezwa kwenye vyuo vya huko mwaka 1934. Timu za makampuni kama Fujitsu na Panasonic zimekuwa zikishindana kwa miongo mingi. Wengi wa wachezaji ni wafanyakazi wa kawaida, na kampuni inabeba gharama kama tangazo na kama burudani ya wafanyakazi wake. Hakuna anayetegemea mlango wa uwanja kumlipa gawio.

Mifano yote miwili inasema kitu kimoja. Pale ambapo gharama zililingana na ukubwa halisi wa soko, mchezo umeishi kwa vizazi. Pale ambapo gharama zilipangwa kwa kuiga NFL, fedha ziliisha kabla ya wapenzi wa mchezo kuisha. Mashabiki 20,000 ni wengi mno kwa klabu ya ridhaa, na ni wachache mno kwa klabu inayoishi kama ya Marekani.

Mwenye hisa anapata nini?

Mwekezaji mdogo anaweza kusema: ikiwa faida iko Marekani, basi nitanunua hisa za huko. Huko nako mlango ni mwembamba. Klabu za NFL ni mali ya familia na matajiri wachache. Agosti 2024 wenye klabu waliruhusu mifuko ya uwekezaji kununua hadi asilimia 10 ya klabu, lakini mifuko iliyokubaliwa ni michache na mikubwa. Klabu pekee yenye wanahisa wengi wa kawaida ni Green Bay Packers. Katika mauzo yao ya mwaka 2021 hadi 2022, hisa moja iliuzwa dola 300. Hisa hiyo haitoi gawio, wala haiuziki sokoni kwa faida. Kwa lugha ya soko, huo ni mchango wenye cheti kizuri cha kutundika ukutani. Wakati huo huo, hesabu ambazo klabu hiyo huzitangaza kila mwaka zinaonyesha kwamba mgawo wa kila klabu kutoka mfuko wa pamoja wa ligi umepita dola milioni 400 kwa mwaka. Fedha zipo, ila hazipiti kwa mwenye hisa mdogo.

Hata kandanda, mchezo unaotawala Ujerumani, unatoa onyo. Borussia Dortmund iliingia soko la hisa la Frankfurt Oktoba 2000 kwa bei ya euro 11 kwa hisa. Ni klabu inayoingiza watu kama 80,000 kwa kila mechi ya nyumbani, idadi ambayo futiboli ya Kimarekani inaifikia kwa shida hata mgeni anapokuja na timu halisi. Pamoja na hayo, kwa muda mrefu tangu wakati huo bei ya hisa hizo imekuwa chini sana ya ile ya mwanzo. Ikiwa uwanja unaojaa wiki baada ya wiki haukumhakikishia mwanahisa wa Dortmund faida, aliyewekeza kwenye mchezo wa siku sita kwa mwaka ana sababu ya kulala macho wazi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Habari hizi haziwahusu Wajerumani peke yao. Mchezo wa aina yake usio wa kugongana, ambapo mchezaji huvuliwa kitambaa kiunoni badala ya kuangushwa, umeingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028. NFL imekwisha fanya kambi za vijana Ghana na Kenya kutafuta vipaji. Afrika Mashariki imekwisha kutoa mmoja: Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Kelele za Olimpiki zitakapokaribia, watatokea watu katika nchi nyingi wakiuza wazo la ligi mpya ya kulipwa, na picha watakazoonyesha zitakuwa za Munich na Berlin.

Mwekezaji atakayefuatwa na watu hao aulize mambo matatu. La kwanza ni mkataba wa televisheni: uko tayari, ni wa miaka mingapi, na mapato yake yanagawanywa vipi kati ya ligi na klabu? Ahadi kwamba televisheni itakuja baada ya watazamaji kuongezeka ndiyo iliyogharimu dola 50 kwa kiti. La pili ni idadi ya siku za mauzo. Chukua gharama za klabu kwa mwaka, gawa kwa mechi za nyumbani, kisha gawa kwa viti vinavyoweza kujazwa kwa uhakika. Jibu likizidi kiingilio ambacho mtu wa kawaida wa mji huo hulipa kutazama kandanda, biashara hiyo imekufa kabla ya filimbi ya kwanza. La tatu ni wachezaji: ni mali ya nani, na anayeng'ara akiondoka klabu inalipwa nini?

Ligi itakayoweza kujibu maswali hayo matatu vizuri itakuwa ndogo kuliko ndoto za waanzilishi wake. Itakuwa na timu chache zilizo karibu ili kupunguza nauli, wachezaji wengi wenyeji, mishahara inayofuata mapato, na hesabu zinazotolewa kwa wanachama wote. Ligi ya namna hiyo inaweza kuishi Ujerumani, na pengine ikatoa faida ya kiasi baada ya miaka mingi. Haitajaza Uwanja wa Olimpiki wa Berlin, na atakayeiuza kwa bei ya ligi inayoujaza ana lengo la kutajirika kwa tiketi ya wanahisa wake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. NFL imekuwa mgeni mzuri Ujerumani: imekula, imeshangiliwa, na kila Novemba kuanzia 2022 hadi 2025 ilialikwa tena. Jembe haijalishika tangu ilipoliweka chini mwaka 2007, kwa sababu inajua uzito wake. Mwekezaji mdogo anayeombwa kulishika kwa niaba yake aulize kwanza kwa nini mwenye mali mwenyewe alilikataa.